Je, Hatari Yangu ni Yangu Peke Yangu?

Nilimaliza kidato cha nne Njombe, nikarudi Makambako kwa mama nikiwa na ndoto mbili: kuandika riwaya, na kutengeneza radi ndogo mezani. Riwaya bado. Radi niliipata, na ndiyo inayonifanya niandike haya.

Nilianza na koili ya gari bovu, niliyoipata kwa mafundi wa gereji. Koili ile hupokea volti 12 za betri, na umeme huo ukikatwa ghafla, yenyewe hutoa maelfu ya volti. Sogeza ncha mbili za waya, cheche inaruka, ta! Nilisoma kwamba Nikola Tesla alibuni koili yake mwaka 1891, nikajiona mjukuu wake. Tena hapa kwetu, si Mzee Pwagu wa Njombe alijitengenezea umeme wa maji bila kukaa darasa la uhandisi? Nani angenizuia mimi?

Betri ikanichosha. Nikataka cheche ndefu zaidi, nikavuta umeme wa ukutani. Jamani, mimi niliogopa cheche tu. Sikufikiria kwamba volti 230 za soketi zinaua vizuri kabisa, kwa kuwa kinachovuruga moyo ni mkondo unaopita mwilini, na hata sehemu ya kumi ya ampea yaweza kutosha. Nikashika waya uliochubuka. Vidole vikajikunja vyenyewe, vikakataa kuachia. Misuli haikuwa yangu tena.

Mdogo wangu wa miaka tisa akakimbia kunivuta. Mama akamdaka ukosi wa shati, akamsukuma nyuma, akaenda kuzima swichi kuu. Sekunde chache tu. Nikaanguka nikiwa hai, kiganja kimeungua.

Usiku ule mama hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, mwili ni wako, sawa. Lakini huyu mdogo wako angekushika, ningemzika kwa kosa gani?"

Swali hilo sijalimaliza mpaka leo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sawa, maana wembe humkata aliyeushika. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill naye alitetea kwamba mtu ni mtawala wa mwili wake, mradi asiwadhuru wengine. Sisi vijana tunafupisha: "Maisha ni yangu, bwana!" Lakini umeme si wembe. Anayenipenda akiniona nimenasa hatasimama pembeni kutafakari. Atanyoosha mkono kwanza, na mkondo utapita kwangu uingie kwake. Kumbe hatari niliyoiita yangu ilikuwa na mlango wa pili, na aliyesimama mlangoni ni mtoto wa miaka tisa.

Basi niache? Wapo walioniambia hivyo. Sikubali. Nchi ambayo vijana wake hawathubutu itanunua kila kitu kwa wengine. Ila nimejiwekea masharti. Nimerudi kwenye betri. Sijaribu chochote nikiwa peke yangu, wala watoto wakiwa chumbani. Hukaa nami mtu mzima anayejua namna ya kukata umeme, na ameahidi kutonigusa kabla hajaukata. Mkono mmoja unakaa mfukoni, ili mkondo usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Kapasita siigusi kabla ya kuiondoa chaji, maana huweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Na transfoma ya oveni ya maikrowevu, ile inayosifiwa na wenzangu, siitaki kabisa. Ile haitoi onyo la pili.

Kuna watakaosema huo ni woga. Mimi naona ni kuwaheshimu wale ambao wangekuja mbio kunishika bila kuuliza.

Jioni nyingine huzitazama nyaya za kilovolti 220 zitokazo Makambako kwenda Songea, zilizoanza kazi mwaka 2018. Zimeinuliwa juu sana. Waliozijenga walithubutu kuliko mimi, lakini walimkumbuka mtoto atakayepita chini na kuni zake kichwani.

Na wewe mwenzangu, mezani kwako kuna nini? Na kikikunasa, nani atakuja kukushika?