Dhara Dogo la Kukinga Dhara Kubwa

Wanazuoni wa sharia wamekubaliana tangu kale ya kwamba, madhara mawili yakikutana na hapana budi moja lipatikane, lililo jepesi huvumiliwa ili lililo zito liondoke. Na chanjo hai, ambayo ni maradhi yenyewe yaliyopunguzwa makali na kutiwa mwilini kwa makusudi, yasimama juu ya kanuni hiyo. Lakini ni nani mwenye haki ya kuupima wepesi wa dhara, ikiwa mpimaji siye mbebaji?

Kwa mfano, homa ya nguruwe ya Afrika, aliyoieleza daktari wa mifugo Montgomery mwaka 1921 kutokana na maafa ya Kenya, hukaa katika ngiri na papasi wa mashimoni mwao pasipo kuwaangamiza, ila ikimfikia nguruwe afugwaye humwua kwa siku chache. Ilipoingia Ureno mwaka 1957, ikarejea 1960 na kuvuka hadi Hispania, wataalamu walikidhoofisha kirusi chake, wakawachanja nguruwe kwa malaki. Wengi wakaokoka na kifo cha ghafla, lakini baadhi yao wakashikwa na vichomi, vidonda na kuharibu mimba, na wengine wakabaki wachukuzi wa kirusi kile kile walichokingwa nacho. Dhara lililodhaniwa jepesi lilikuwa limejificha tu.

Leo jeni mahsusi huondolewa katika kirusi, wala hakiachwi kidhoofike kwa kubahatisha. Hata hivyo Vietnam, iliyoidhinisha chanjo ya namna hiyo mwaka 2022, iliisimamisha mwaka huo huo baada ya vifo vya nguruwe waliochanjwa, ndipo ikairuhusu nchi nzima mwaka 2023.

Atasema Mwislamu kwamba mnyama huyu ni najisi na habari zake hazituhusu. La, kuharamishwa nyama yake hakukuhalalisha mateso yake, wala hakukuondoa heshima ya mali ya jirani ambaye karo za wanawe zatoka katika banda hilo.

Basi kanuni ya wanazuoni ni sahihi, lakini haisimami bila ya sharti lake: wepesi wa dhara uthibitike kwa yakini, si kwa dhana, na mfugaji aambiwe hatari yote kabla ya sindano, tena alipwe ikiwa mambo yataharibika. Mwenye kuharakisha chanjo pasipo kutimiza hayo hakuchagua dhara lililo jepesi. Amemtwika mwenziwe dhara asilolijua.