Akiba ya Miguu

Kutoka Sigi hadi Amani, barabara hupanda kwa mizunguko ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, hata ikafikia kimo cha mita 900 hivi. Siku moja nilishuka baiskeli kwenye kona, nikaapa kuwa sina nguvu tena. Kisha nikakumbuka dawa ya mgonjwa iliyomo mkobani, nikapanda, nikafika. Je, kiapo changu kilikuwa cha uongo? Naona sivyo. Mwili ulisema kweli ya mtu anayejihesabu peke yake. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini ufunguo wa akiba hii huwa mkononi mwa anayetungoja. Basi asemaye amechoka tusiharakishe kumwita mvivu. Huenda hana amngojaye huko juu.