Mikono Yetu Inapouma



Katika Injili ya Luka, sura ya 6, tunasoma habari za mtu aliyekuwamo katika sinagogi siku ya sabato, na mkono wake umepooza. Mathayo na Marko nao wanayo habari hiyo, lakini ni Luka peke yake anayetuambia kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anamwita Luka tabibu, na tabibu huuliza: Ni mkono upi, mama? Maana wa kuume ndio wa kazi, wa kula na wa kusalimu.

Habari hii niliifundisha madarasani miaka mingi wala sikuifahamu, mpaka yaliponipata mwenyewe.

Nilitoka Chuo cha Ualimu nikiwa msichana, nikashika chaki hata nilipostaafu na miaka 60. Ndipo vidole vikaanza. Asubuhi viliamka vigumu kama kuni, na shina la kidole gumba likachoma kila niliposhika kisu au nilipokaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Karibu na kucha pakaota vinundu. Sikumwambia mtu. Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, mzee wetu mmoja wa kanisa, ambaye hushika mkono wa mtu kana kwamba anavuta kamba ya kengele, alinibana hata machozi yakanitoka. Tangu siku ile nikahamia nyuma, karibu na nguzo, na wakati wa amani nikaificha mikono ndani ya khanga, nikainamisha kichwa kama mtu anayesali. Sikuwa nasali.

Miezi ikapita. Dada mmoja niliyekaa naye benchi moja kwa miaka akaacha kunipitia twende Misani. Nikadhani ana lake moyoni. Kumbe na yeye alidhani nina langu! Siku moja akaja nyumbani, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, nimekukosea nini hata unaninyima amani mbele ya altare?" Nilishindwa kujibu. Nikatoa mikono yangu, nikaiweka mezani. Akaitazama kitambo, kisha akatoa na yake. Vinundu vile vile.

Basi tazameni Bwana alivyofanya. Yule mtu hakumponya pembeni kwa siri. Alimwagiza kwanza ainuke asimame katikati, mbele ya macho ya wote, hata ya wale waliokuwa wakivizia. Na baadaye ndipo akamwagiza aunyoshe mkono wake. Zamani niliona kama alimwaibisha. Sasa naona alimtoa nyuma ya nguzo.

Tulikwenda hospitali pamoja. Tabibu alitueleza kuwa ncha za mifupa zinapokutana katika kiungo zimefunikwa na gegedu, laini na lenye utelezi. Umri ukiendelea, gegedu hulika na mfupa huota vinundu kandokando. Mara nyingi jambo hili huandama ukoo, na wanawake hulipata zaidi. Maji ya baridi hayalileti, ingawa wengi husikia maumivu zaidi wakati wa baridi. Wala kualisha vidole hakulileti, jambo ambalo niliwakemea watoto bure. Gegedu lililolika halirudi. Alisema hivyo waziwazi, nami nilimshukuru kwa kutonidanganya. Lakini maumivu hupunguzwa.

Alitutenganishia pia magonjwa. Ugumu wa namna yetu kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa. Ukidumu saa nzima au zaidi kila asubuhi, na viungo vya mikono yote miwili vimevimba, huenda ni baridi yabisi yenyewe, ambayo hushika hata vijana. Hiyo isingoje, maana dawa zikianzwa mapema huokoa viungo. Na gumba pamoja na vidole viwili vinavyofuata vikifa ganzi usiku, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Nako kuna tiba yake.

Hapa nakiri kosa langu. Nilikuwa nikinunua vidonge vya diklofenaki bila kumwuliza mganga, asubuhi na jioni, mpaka tumbo likawaka moto. Vidonge hivyo huweza kutia vidonda tumboni, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, hasa kwetu wazee. Dawa hiyo hiyo ikiwa ya kupaka, ni kidogo tu kinachoingia katika damu.

Sasa kila asubuhi naweka beseni la maji ya vuguvugu, dakika 10, nikiyajaribu kwanza kwa kiwiko. Ndani ya maji nafunga ngumi bila kubana, nafungua, kisha gumba linasalimiana na kila kidole kwa zamu. Mpini wa kisu na wa mwiko nimeuviringishia mpira wa ndani wa baiskeli, ukawa mnene. Mpini mnene haudai kubanwa sana. Ndoo ya maji naijaza nusu. Shuka silisokoti tena; nalikandamiza tu na kuliacha lichuruzike. Nazi hukuna wajukuu. Na pete ya ndoa, ivueni mapema kwa sabuni, kabla kidole hakijavimba. Yangu ilikatwa na sonara, na marehemu mume wangu angehuzunika, maana aliinunua kwa mkopo.

Someni pia Kutoka sura ya 17. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, siku ya vita na Waamaleki, hakuna aliyemwambia ajikaze. Walimtafutia jiwe akalie; kisha Haruni na Huri wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, hata jua likachwa. Jiwe kwanza. Sisi katika mtaa huu tunawaheshimu wazee kwa maneno mengi, lakini ni nani amemletea bibi jiwe? Wapo wasiokuja Ushirika kwa sababu viganja vyao havifunguki tena, nao wanaona haya. Waambieni kwamba Padre atawapa ulimini. Nanyi vijana wa kwaya, mkimkuta mama bombani, msingoje awaombe.

Yule mzee wa kamba ya kengele, alipoambiwa, alisikitika sana. Siku hizi wakati wa amani hunigusa kiwiko kwa vidole viwili, taratibu, kana kwamba mimi ni yai.