Spoku Iliyokatika Ina Kosa Gani?

Katika milima ya Lubero, mashariki mwa Kongo, upande wa Kipese na Butembo, baiskeli ni punda wa chuma: husukumwa kwa mikono ikiwa imelemewa na mizigo. Spoku hukatika, hasa za gurudumu la nyuma, pale kwenye kona inayoshika habu, kitovu cha gurudumu.

Fundi anaweka mpya. Baada ya siku kadhaa inakatika ya jirani.

Kosa ni la nani? Kila mzunguko, spoku inayofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena. Chuma huchoka kwa kukazwa na kulegezwa mara zisizohesabika. Baadhi zikilegea, zilizobaki hubeba zaidi. Na hiyo mpya imeingia kati ya wenzake waliochoka zamani. Iliyokatika imetangulia tu.

Swali hilo la kosa huulizwa pia kwa watu: Injili ya Luka, sura ya 13, inawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Yesu anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Kwa watu wa Beni na Butembo, waliozika ndugu zao kwa vita na kwa Ebola ya 2018 hadi 2020, neno hilo ni zito. Anayemuuliza mfiwa alikosa nini anamwongezea jeraha.

Lakini Yesu hapohapo anawaita wote wanaomsikiliza watubu. Wote, si waliokufa.

Fundi makini naye haishii kwenye spoku moja. Anazipiga zote kwa kidole, moja baada ya nyingine, akisikiliza ipi inatoa sauti nzito ya kulegea.