Miguu Mipya ya Gari Kuukuu

Fundi wa Lodwar aliingia chini ya Escudo yangu, akatikisa hapa na pale kwa nondo, akatoka uso umejaa vumbi.

"Mwalimu, injini ni nzima. Hii gari imezeeka miguu tu."

Shokomzoba za nyuma zilikuwa zimevuja mafuta, bushi zimepasuka, springi zimelala. Gari lilikuwa la mwaka 1999. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo jingine la mfuko wangu lilikuwa ndoto. Nikalipa. Tukaweka bushi na shokomzoba mpya, pamoja na springi ngumu zilizoliinua gari kama inchi mbili.

"Lakini springi hizi zinataka mzigo," akanionya. "Ukienda tupu, itakurusha."

Ninazungumzia miaka ya kabla ya lami mpya. Kati ya Lodwar na Kakuma ni kilomita 120 hivi, na lami ya zamani ilikuwa imebaki vipande. Madereva tuliiacha, tukajichongea njia mchangani kandokando, palepale wapitapo watu wa miguu.

Kabla ya springi hizo nilikwenda polepole. Haukuwa wema, mgongo haukuruhusu. Lakini kwa mwendo ule nilimwona mtu, tukasalimiana "ejoka", nikampakia. Baada ya matengenezo niligundua kwamba nikifika kilomita 70 kwa saa, gari hupita juu ya makunyanzi ya barabara badala ya kuyahesabu moja moja. Sikupunguza tena.

Siku moja sokoni Kakuma, mama mmoja niliyezoea kumbeba na makaa yake aliniambia, bila hasira, "Mwalimu, siku hizi tunakujua kwa vumbi."

Neno lile lilinikaa. Shokomzoba haifuti pigo la barabara. Springi hulipokea, nayo shokomzoba hulizima kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, mpaka nguvu yake igeuke joto. Pigo halipotei, linahama. Langu nalo lilihama, likaingia machoni mwa yule mama.

Kuna hamisho jingine kubwa zaidi. Nani alikuwa wa kulalamikia barabara ile? Maafisa, wafanyakazi wa mashirika ya kambini, mimi mwenye kuandika barua: sote tulikuwa juu ya springi nzuri. Mwenye kuumia hakuwa na kalamu, na mwenye kalamu haumii.

Rafiki yangu alinicheka. "Kwani ulitaka uvunjike mgongo ndio barabara itengenezwe?"

Ana haki. Maumivu yangu hayampunguzii mtu yeyote maumivu yake, na gari linalovunjika usiku likiwa na mgonjwa ndani si uadilifu. Kosa haliko kwenye springi. Ila zamani mwili wangu ulinikumbusha bure kila shimo na kila mtu aliye kando yake. Sasa sina budi kukumbuka kwa hiari, na hiari husahau upesi. Starehe haituondolei wajibu. Hutuondolea kikumbusho tu.

Safari iliyofuata nilimkuta njiani na gunia lake. Nikasimama mbali kidogo, vumbi litulie, kisha nikarudi nyuma taratibu.

"Ingia, mama. Hii gari inataka mzigo."

Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akaanza kupakia.