Mfereji Unaoziba Kila Mara

Somo: Mwanzo 26:12-33



Mwezi huu tunaleta neno juu ya jambo ambalo kila mama hapa Abuku analijua: maji ya kuoshea vyombo yanayokataa kwenda. Wengine wetu zamani, tulipokaa mjini, tulikuwa na sinki jikoni, na ilipoziba tuliita fundi. Hapa sinki yetu ni beseni kando ya kichanja. Maji yake tunayamwaga kwenye mfereji mdogo unaopita nyuma ya bafu mpaka kwenye shimo lililojazwa mawe, na ardhi inayanywa. Chombo kimebadilika, lakini shida ya kuziba imetufuata.

Mfereji wa jiko la kanisa, ambao nyumba sita za jirani wanautumia pia, uliziba mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara ya kwanza tulichokoa kwa mti. Maji yakaenda, tukashukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili yakasimama tena. Mara ya pili tulimwaga sufuria mbili za maji ya moto. Yakaenda, lakini mwezi haukuisha. Mara ya tatu yalifurika usiku, yakashuka kwenye shamba la mihogo la mama mmoja mjane, mwenyeji wetu, yakafika karibu na chemchemi anapochota maji. Wiki ile wajukuu wake wakaharisha. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni maji yetu yaliyowaumiza. Lakini hatukuweza kusimama mbele yake na kusema kwamba siyo.

Ndipo maneno yakaanza. Nyumba moja ilisema ni wale wanaokaanga kila siku. Wengine wakasema ni wale wa kabila fulani, ndivyo walivyo tangu huko nyumbani. Jumapili iliyofuata kulikuwa na watu waliokaa mbali na wenzao kwenye mabenchi, na Meza ya Bwana ilikuwa imetayarishwa. Wapendwa, mfereji wa nje ulikuwa umetuzibia mfereji wa ndani.

ISAKA NA VISIMA

Tuliposoma Mwanzo sura ya 26, wote tulijiona ndani yake. Isaka aliondoka kwake kwa sababu ya njaa, akakaa ugenini Gerari. Mungu alipombariki, Wafilisti wakamwonea wivu. Visima vilivyochimbwa siku za Abrahamu baba yake walivifukia kwa udongo, na Isaka akaambiwa ahame. Ni nani kati yetu asiyeijua habari hiyo? Tumeacha visima huko Kongo, tumeacha mashamba na makaburi ya wazazi. Kwa hiyo tukisoma, sisi huwa Isaka, na Wafilisti ni watu wengine.

Lakini siku tulipoufukua mfereji ule wote, tulitafuta udongo wa Wafilisti, hatukuuona. Tuliona mafuta ya mawese yaliyoganda, sabuni, majivu, punje za wali, magamba ya samaki na nywele. Vyote vilitoka mikononi mwetu. Hakuna adui aliyekuja usiku kutuzibia. Tulijizibia wenyewe, kidogo kidogo, kila siku baada ya kula na kumshukuru Mungu kwa chakula.

KWA NINI ULIRUDIA

Tulijifunza mambo matatu kwenye shimo lile.

La kwanza, mti hautoi uchafu. Unatoboa tundu katikati, maji yanapita kwa siku chache, na uchafu uliobaki pembeni unashika mwingine. Ndivyo tunavyofanya tunapopeana mikono mbele ya mchungaji ili mkutano uishe, na neno lenyewe halijasemwa.

La pili, maji ya moto huyeyusha mafuta, lakini hayayaondoi. Huyasukuma mbele. Yakipoa, mafuta yanaganda tena mahali pa mbali zaidi, tusipoona, mpaka yafike kwenye shimo na kufunga vitundu vya udongo ambavyo maji hupitia. Hapo hata mawe ukiyaongeza, ardhi haiwezi kunywa. Ndivyo ulivyo mkesha wa machozi mengi usiokuwa na toba. Tunatoka tukiwa wepesi, lakini chuki imesogea tu, imekwenda kukaa ndani zaidi.

La tatu, kuzibua bila kuzuia kinachoingia ni kazi isiyo na mwisho. Mithali 4:23 inatuonya tuulinde moyo kuliko kitu kingine chochote. Mlinzi hukaa mlangoni, siyo mwisho wa njia. Basi tuangalie ni nini kinachoingia kila siku: maneno ya kisimani juu ya nyumba ya mwenzetu, deni tusilotaka kulitaja, hadithi tunazowapa watoto juu ya kabila lingine.

TULIKWENDA KWA MAMA

Kabla ya kuchimba shimo jipya, wazee wawili na mama wawili walikwenda kwa yule mjane kuomba msamaha. Tuliogopa. Tulikuwa tumechelewa, na sisi ni wageni kwenye ardhi yao. Alitukaribisha, tukakaa. Hakuficha uchungu wake juu ya wajukuu na mihogo. Kisha akatukumbusha jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui: baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbia vita, wakaingia Zaire na Sudani. Yeye alikuwa msichana. Alikula chakula cha watu wa Kongo na kuchota maji kwenye visima vyao. Sisi tulikuja kwake kama wadeni, na yeye alijiona anadaiwa na wazazi wetu.

Someni vizuri mwisho wa sura ile. Watu wa Isaka walichimba, wakagombewa kisima cha kwanza na cha pili. Cha tatu hakikugombewa, akakiita Rehobothi, maana Mungu amewapa nafasi. Baadaye Abimeleki akaja, na Isaka akawafanyia karamu watu wale wale waliomfukuza. Wakaapiana asubuhi, wakaachana kwa amani. Siku ile ile watumishi wa Isaka wakamletea habari kwamba wameona maji.

Shimo jipya tulilichimba pamoja: nyumba sita, na wana wa yule mama. Hatukumlipa mtu.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Kila familia ifanye hivi:

1. Futa sufuria na sahani kwa majani au karatasi kabla ya kuosha. Mabaki yaende kwenye shimo la taka.
2. Majivu yasiingie kwenye mfereji. Yapeleke shambani.
3. Mwanzo wa mfereji weka ndoo kuukuu yenye matundu, ndani yake nyasi kavu. Nyasi hushika mafuta. Zibadilishe kila wiki, za zamani uzifukie.
4. Tusioshe vyombo wala nguo kwenye bomba la kisima.
5. Shimo la maji machafu liwe mbali na maji ya kunywa. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada hufuata, zinataka angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini ya ardhi.
6. Kila Jumamosi, kabla ya kujiandaa kwa ibada, fungua mfereji uutazame. Na jioni ile ile baba, mama na watoto waulizane: kuna neno lolote lililoganda kati yetu, au kati yetu na jirani? Kama lipo, lisilale.

Mfereji wetu unaweza kuziba tena. Tukiona maji yamesimama, tusianze kwa kuuliza ni nani. Tuanze kwa kuinama na kutazama mikono yetu.

TUOMBE: Ee Mungu wa Isaka, uliyempa mgeni nafasi katika nchi ya watu, utusamehe kwa yale tuliyomwaga na kuwaumiza jirani zetu. Utuonyeshe kinachoingia kila siku. Ubariki wenyeji wetu wa Abuku na watoto wao, uwalinde na magonjwa pamoja na wetu. Utupe kuchimba pamoja, na maji yapate njia. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.