Mruko mmoja, maneno manne
Neno halina maana mpaka lipate jirani. Chukua neno la Kiingereza *spring*. Mfini hawezi kulitafsiri kabla ya kujua limekaa karibu na nini: likiwa majira yanayofuata baridi kali ataandika *kevät*, likiwa chemchemi ni *lähde*, likiwa springi ya godoro ni *jousi*, na likiwa kitendo cha kuruka, *hypätä*. Kwa Waingereza wa kale yote haya yalikuwa mruko mmoja: maji yanaruka kutoka ardhini, majani yanaruka kutoka matawini, chuma kilichobanwa kinaruka kikiachiwa. Naipenda sana picha hiyo, na huniuma inapopotea katika tafsiri. Lakini Kifini nacho kina miungano yake, kwani *jousi* hiyohiyo ni upinde wa kurushia mishale, tena ni upinde wa kupigia fidla. Hapo ni zamu ya Mwingereza kuuliza: ipi? Nasi tukisikia “kaa” peke yake, hatujui kama tumekaribishwa kiti, tumeonyeshwa moto jikoni, au yule mnyama wa pwani anayetembea upande.